Mfupa wa Shamba la Mama Soa

Wenzangu wengi walianza kazi kwa mikono. Mimi, bibi yenu Siti, nilianza kwa ulimi, na msicheke kabla sijafika pa kuchekea.

Nyinyi wajukuu zangu mmezaliwa hapa Unguja. Mnanijua kama bibi wa kushona kofia na kugombana na paka. Hamjui kwamba miaka ile ya mwanzo ya uhuru, kule Mahajanga kwa Wamalagasi, kazi yangu ilikuwa kutafuta mifupa iliyogeuka mawe katika mashamba yaliyolimwa, kisha kuisafisha mpaka itambulike. Juzi Farida kaniletea simu yake, picha ya jitu la mifupa limesimama kwenye jumba la makumbusho huko Ulaya, ananiuliza, "Bibi, hivi hawa walikuwepo kweli?" Nikamwambia, mwanangu, mimi nimewalamba. Tangu siku hiyo hamnipi raha. Haya basi, nawapa. Na juu ya yote nawapa habari ya Mama Soa, mjane wa ng'ambo ya Katsepy, ambaye mifupa hiyo nusura imnyang'anye shamba lake la pekee.

Mjue tu kwamba maneno mengi ya humu yalisemwa kwa Kimalagasi, mengine kwa Kifaransa, na ya nyumbani kwetu mtaa wa Ampisikina yalisemwa kwa Kingazija. Nawageuzia kwa Kiswahili, na matusi nimeyapunguza makali, maana mama yenu yuko jikoni na masikio yake ni mazima.

Ulimi kwanza. Mfupa wa kale una vitundu vidogo vidogo visivyoonekana. Ukiugusa kwa ncha ya ulimi, unanyonya mate na kunata. Jiwe la kawaida halinati hata ulibembeleze. Basi mtu akiokota kitu shambani na hajui ni nini, anafuta udongo, anagusa kwa ulimi, anajua. Hakuna mashine. Fundi wangu alikuwa akisema Mungu kakupa chombo cha kazi kinywani, na wewe unakitumia kusengenya tu.

Fundi huyo aliitwa Botra. Alikuwa wa kabila la Watsimiheti, mwembamba, kofia ya ukindu imemkaa upande mmoja, tumbaku haimtoki shavuni. Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa kuchimba. Aliyetuajiri ni Mfaransa mmoja, mtaalamu wa miamba, tuliyemwita Musie tu. Alikuwa mtu wa haki, ndevu nyekundu, akicheka anashika tumbo. Alikuwa akitafuta mkono wa kusafisha mifupa, akaniona sokoni nauza kofia za vitobwe. Akaiinua kofia kwenye mwanga, akatazama vile vitundu nilivyovitoboa na kuvizungushia uzi, akaniuliza kama naweza kutoboa jiwe kwa subira hiyohiyo. Nikamwambia jiwe sijui, lakini subira ninayo, nina mama mkwe. Akanichukua.

Mama yangu mzazi alilipokea jambo hilo kwa shida.

"Mifupa ya nani?" akauliza.

"Ya wanyama, mama."

"Waliochinjwa?"

"Walikufa kabla ya Nabii Adamu."

"Basi ni mizoga," akasema, akarudi kwenye chungu chake. Kwa mwezi mzima hakuniruhusu kushika sahani kabla sijanawa mpaka viwiko.

Sasa sikilizeni, maana haya ya shambani hamtayapata kwenye simu. Msiende kutafuta mifupa siku ileile plau ilipopita. Udongo ukiwa mbichi, kila donge linafanana na mfupa. Ngojeni mvua ya kwanza ioshe madonge. Nendeni asubuhi, jua likiwa chini na liko mbele yenu, mkatize matuta badala ya kuyafuata, na mwende mmeinama. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mtaka cha tutani ndio kabisa. Lakini kabla hata ya kuingia shambani, zungukeni ukingoni. Mkulima akigonga jiwe hulitupa pembeni na kulilaani, na chungu za mawe ya laana ndizo zilizotupatia mali nyingi kuliko shamba lenyewe.

Na mkipita nyumbani kwa mwenye shamba, tazameni mafiga. Konokono wa baharini mkubwa kuliko wote niliowahi kumsafisha, amejikunja kama nyoka aliyelala, amegeuka jiwe jekundu la kupendeza, nilimkuta amebeba chungu cha wali na maharage. Mwenye nyumba alikataa kumtoa mpaka wali uive. Tukakaa, tukala, ndipo tukampa figa jingine. Musie alisema hajawahi kungoja kisukuku kwa furaha namna ile. Kisukuku ndilo jina lake hasa, kiumbe aliyegeuka jiwe, lakini sisi kazini tulisema mifupa tu, hata kama ni konokono.

Karakanani kwetu kulikuwa na meza, sinia la mchanga na makopo ya gundi. Sindano zangu za kofia nilizitia mipini ya mianzi. Udongo unautoa chembe kwa chembe, ukifuata mfupa unakotaka kwenda, sio unakotaka wewe. Ukifika penye ufa, acha. Dondoshea gundi nyembamba, uache inywe. Kipande kilichovunjika unakisimamisha kwenye mchanga mpaka kishike, na wakati huo hukigusi, hukipulizii, humwiti mtoto. Nimewahi kusafisha taya moja kutoka mfungo sita mpaka Ramadhani.

Na Ramadhani ndiyo iliyonitia aibu. Tulikuwa tunapita kwenye shamba la pamba, nimefunga, naokota na kumpa Fundi Botra alambe yeye, maana yeye hakuwa na mwezi wala mfungo. Nikapata kitu kizuri sana, laini, mviringo, kimesokotwa. Fundi alikuwa mbali. Nikajiambia, kuonja bila kumeza hakufunguzi. Nikagusa kwa ulimi. Kikanata vizuri kabisa. Nikakimbia kumwonyesha Musie, nikidhani ni kidole cha jitu.

Musie akakigeuzageuza, ndevu zikaanza kumtetemeka. Akaniambia, kwa adabu zake zote, kwamba ni mavi ya mamba. Ya kale mno, yamegeuka jiwe, adimu na yenye thamani kubwa kwa wasomi, kwa kuwa ndani yake mtu anaweza kujua mamba alikula nini. Lakini ni mavi. Fundi Botra alijilaza tutani akacheka mpaka tumbaku ikamtoka, na tangu siku hiyo nikiudhika alikuwa akiniuliza, "Siti, leo umekula mamba?"

Nikaenda kwa shehe wetu kuuliza kama saumu yangu imo. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akauliza mamba huyo wa lini, nikamweleza. Akapiga tasbihi kidogo, akasema, "Mwanangu, sukutua kinywa, maliza siku yako. Habari ya najisi iliyogeuka jiwe wanazuoni wana maneno yao. Habari ya mwanamke anayelamba mavi na huku amefunga, hilo silo swali la wanazuoni." Mkewe alikuwa nyuma ya pazia. Kufika magharibi Ampisikina nzima inajua.

Kuna na safari ya Nosy Be, niipitie upesi. Ilikuja habari kwamba trekta la shamba la miwa limefukua fuvu la jitu. Mimi nilifurahi kwa sababu nimezaliwa Marodoka, na shangazi yangu aliyenifundisha sindano alikuwa bado hai huko. Tukasafiri kwa jahazi la mizigo, tumekaa juu ya magunia ya vitunguu, Musie anatapika njia nzima. Tukafika, kweli, kitu kikubwa, kimejipinda, kimefunikwa na ganda la udongo. Wafanyakazi wote wamesimama mbali. Shangazi amekuja na shoga zake kuona kazi ya mtoto wao. Nikainama kwa madaha, nikatoa ulimi. Hakikunata, ila kinywa kilijaa ladha ya kutu. Lilikuwa karai kuukuu la kuchemshia sukari. Shangazi akageuka kuondoka, akasema, "Nilikufundisha sindano ili uje kulamba makarai?" Ndiyo hivyo. Ulimi unasema kweli hata usipopenda.

Sasa Mama Soa.

Huyu alikuwa Msakalava, mjane wa makamo, watoto wake wadogo bado, na mkono wake mgumu kuliko wa wanaume wengi. Kijiji chake kilikuwa ng'ambo ya ghuba, unavuka kwa pantoni mpaka Katsepy, kisha gari la ng'ombe mpaka mgongo uchoke. Mumewe alimwachia shamba moja la njugu lenye udongo mweusi. Hilo ndilo lililowalisha. Siku moja analima, plau ikagonga. Akafukua kwa mkono, akakuta mfupa mnene kuliko paja la mtu. Pembeni yake mwingine, na mwingine.

Nyinyi mngepiga picha. Kule mambo hayakuwa mepesi. Wasakalava wanawaheshimu wazee wao waliokufa kuliko walio hai. Huyanyooshei makaburi yao kidole, unakunja kidole na kuonyesha kwa kifundo. Na mahali palipo na mfupa wa mzee, plau hairudi. Pakishasemwa kuwa ni kaburi, pamekwisha, ni mwiko, hata jani hung'oi.

Na wa kusema alikuwepo. Jaozafy, kaka wa marehemu mume, mtu wa ng'ombe wengi, zizi lake limepakana na shamba lile. Alikuja, akautazama mfupa, akavua kofia, akaanza kulia. Akasema watu wa zamani walikuwa majitu, na huyu ni babu yao wa kwanza, na shamba lifungwe. Yeye, kwa kuwa zizi lake liko jirani, atajitolea kulinda kaburi. Ng'ombe zake zitakula majani ili pasiote msitu. Kila mtu kijijini alijua Jaozafy amelitamani shamba lile tangu kaka yake yu mzima. Lakini nani atathubutu kusema mfupa wa babu si wa babu?

Mama Soa ndiye aliyetuma mtu kwa Musie. Tulipofika, watu wamejaa kando ya shamba, na mzee wa kijiji amekaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Plau imelala ilipogonga. Mama Soa alinivuta kando kabla hata sijashuka vizuri garini.

"Dada," akaniambia, "mbegu zangu ziko kwenye gunia. Nisipopanda mvua hii, watoto watakula nini? Lakini nikipanda juu ya babu yao, nitawaambia nini?"

Mnaona ulipokuwa moyo wake? Hakuwa anapigania shamba tu. Alikuwa anaogopa kwelikweli kwamba Jaozafy, pamoja na ulafi wake, huenda anasema ukweli.

Musie alipiga magoti, akatazama, akagusa kwa ulimi, nami nikagusa, akainuka. Akasema, nami nikatafsiri, kwamba huyu si mtu. Ni mnyama wa jamii ya mijusi na mamba, mkubwa kuliko nyumba, aliyekufa zamani kupita kiasi. Alisema kwa upole na kwa heshima, na kila neno lilikuwa sahihi.

Jaozafy akamjibu bila hata kumtazama. "Juzi tu mlikuwa mnatuambia bendera yetu ni ipi. Sasa tuna uhuru wetu, mnataka kutuambia babu yetu ni nani?"

Watu wakaguna kuunga mkono. Na mimi, wajukuu zangu, sikuweza kuwalaumu. Hata ningekuwa mimi, mgeni aje aniambie aliyelala kwenye ua wangu si babu yangu, ni kenge? Musie mwenyewe akavua kofia. Kisha akaniambia nimuulize mzee wa kijiji jambo moja, na aliuliza kwa moyo safi kabisa: "Mwambie namheshimu. Kama ni babu yao, ningependa kuhudhuria mazishi. Yatakuwa lini, na mfiwa mkubwa ni nani?"

Nikatafsiri. Mzee akasema, "Mfiwa mkubwa ni Jaozafy. Yeye ndiye mwanamume mkubwa wa ukoo."

Hapo nikamwona Fundi Botra anaacha kutafuna.

Lazima niwaambie, maana ndipo mambo yote yalipogeukia. Nyinyi mnajua utani wa makabila. Mnajua mtani akija msibani anavyotania maiti, anajilaza kwenye jeneza, anachukua jogoo, na mfiwa haruhusiwi kununa. Basi kule nako upo. Na ukoo wa Fundi Botra ulikuwa mtani wa ukoo wa Jaozafy tangu mababu. Mpaka dakika ile Botra alikuwa mchimbaji tu. Lakini palipotajwa mfiwa, mchimbaji akapata cheo.

Akaweka sururu chini. Akatembea taratibu mpaka katikati ya shamba, watu wote wanamtazama, akaukalia ule mfupa.

Watu wakashika vichwa. Jaozafy akaruka kuja, na mzee wa kijiji akamzuia kwa fimbo. "Muache," akasema. "Ni mtani wenu. Ana haki."

Botra akaupiga mfupa kofi. "Babu! Kumbe ulikuwa hapa! Na unene huu, ndio maana wajukuu zako wanazaliwa na njaa." Akainama akaunusa. "Hukuoga hata siku ya kufa. Ukoo wenu wote ndivyo mlivyo." Akalinganisha paja kwa paja, lake na la babu. "Mwenye mguu huu alikuwa anavaa shuka ngapi? Mlimshonea kwa tanga?"

Watoto wakaanza kucheka kwanza. Kisha mama zao. Botra akaendelea, na mengine hayo ndiyo nimewaambia nimeyapunguza. Wakati huohuo Musie akanigusa bega. Tulikuwa tumeona wote wawili kwamba karibu na ule mfupa mnene kuna pingili za mifupa, kubwa kwa ndogo, zimejipanga udongoni. Wakati watu wanamtazama Botra, sisi tukachutama na sindano na brashi. Nilifanya kazi siku ile kwa haraka ambayo ningemchapa mwanafunzi wangu akiifanya. Mimi nasafisha, yeye anapanga kwenye nyasi, kubwa mbele, ndogo nyuma.

Botra alipomaliza kumtukana babu, akasimama, akajipangusa suruali, akabadilika sura. Akawa mzito, kama shemeji anayekuja kudai mahari.

"Haya," akasema. "Nimetania, sasa nataka haki yangu. Msiba wa ukoo wenu, nundu ya ng'ombe ni ya mtani. Iko wapi?"

"Nundu gani?" Jaozafy akauliza.

"Si mnazika? Huyu hazikwi kwa kuku. Na mtu wa mguu kama huu hazikwi kwa ng'ombe mmoja. Mzee, nakosea?"

Mzee wa kijiji akafikiri, na nilimwona anauma shavu kwa ndani. "Hukosei," akasema. "Ng'ombe ni kwa kadiri ya marehemu. Na marehemu ni mkubwa."

Botra akaenda moja kwa moja zizini kwa Jaozafy. Watu wote nyuma yake, wakiwemo waliokuwa wanalia naye asubuhi, maana nyama ni nyama. Akaanza kuchagua. Akashika pembe ya kwanza. Akashika ya pili. Kisha akalifikia dume la mabaka, pembe zake zimepinda vizuri kama mikono ya mchezaji ngoma, ambalo Jaozafy alikuwa akilisugua mgongo mwenyewe kila jioni.

"Na huyu," Botra akasema, "ndiye atakayemsindikiza babu kichwani."

Jaozafy alikuwa anatoka jasho mpaka kidevuni. Akasema mambo yasiharakishwe. Akasema hata yeye hakusema kwa hakika. Alisema huenda.

"Hukusema huenda," mwanamke mmoja akamjibu kutoka nyuma. "Ulilia."

Mzee wa kijiji akageuka kurudi shambani, nasi tukamfuata, akafika pale kwenye nyasi tulipopanga pingili. Akasimama. Akatembea kando yake kutoka ile kubwa kama kinu mpaka ile ndogo kama kidole gumba, akikunja kidole na kuonyesha kwa kifundo, kwa tahadhari, hata wakati ule. Kisha akamuuliza Musie, na mimi nikatafsiri, "Hii ni nini?"

"Mkia," Musie akasema.

Mzee akamgeukia Jaozafy. Hakuinua sauti. "Jaozafy, una njia mbili. Huyu ni babu yako, basi alikuwa na mkia, na tunazika leo kwa ng'ombe zile. Au huyu ni mnyama, na mjane wa kaka yako ana mbegu za kupanda. Niambie mbele ya watu."

Jaozafy alitazama mkia. Akatazama dume lake la mabaka. Akasema, kwa sauti ndogo sana, "Ni mnyama."

Mnadhani iliishia hapo. Mimi pia nilidhani. Watu wakapiga vigelegele, Botra akaomba angalau jogoo kwa usumbufu aliopata. Lakini Mama Soa alikuwa amesimama kwenye plau yake, mikono mpinini, na ng'ombe hawaendi kwa sababu yeye hawaambii waende. Akaniita kwa jicho. Nikaenda.

"Wewe umeulamba mfupa ule," akasema kwa sauti ya chini. "Niambie wewe, mwanamke kwa mwanamke. Ulikuwa na ladha ya mtu?"

Ningeweza kumpa maelezo yote ya Musie. Lakini yeye hakutaka maelezo, alitaka kulala usingizi. Nikamwambia, "Dada, mtu sijawahi kumlamba. Mamba ndiye nimewahi, tena upande mbaya. Na huu ni wa jamii ya mamba. Nakuapia kwa ulimi wangu."

Akanitazama. Kisha akaelewa upande gani, akacheka mpaka akaegemea mpini wa plau. Akawapigia ng'ombe mluzi, wakaondoka, na plau ikapita.

Tulikaa siku kadhaa kuitoa mifupa, yeye akilima upande mmoja na sisi tukichimba upande wa pili. Lipu ya kupaka magunia ya kuifungia iliisha, Fundi Botra akapata wazo lake la kusifika la kugandisha magunia kwa uji mzito wa muhogo. Ulikauka vizuri sana. Kwenye pantoni ya kurudi, mbuzi wa mtu alikula gunia na uji wake akabakisha paja la jitu liko uchi, na Musie akalipanda mwenyewe mgongoni mpaka Mahajanga ili lisivingirike baharini. Mkifunga mfupa, tumieni lipu. Na kwanza mtandike karatasi iliyolowa, lipu isishikane na mfupa. Msiseme sikuwaambia.

Kila mavuno gunia la njugu lilivuka ghuba kuja karakanani. Tulikula na kusafisha, maganda na udongo wa kale vikachanganyika sakafuni.

Fundi Botra alikufa kabla ya nywele zake kuwa nyeupe zote. Kifua. Nililia kama niliyefiwa na kaka, na ndivyo ilivyokuwa. Siku ya mazishi, mchana, watu wamekaa kimya uani, tukaona Mama Soa anaingia na watoto wake wakubwa sasa. Amevuka na pantoni ya asubuhi. Ukoo wa watoto wake ndio mtani wa Botra, kwa hiyo ilikuwa zamu yao. Akaingia bila salamu, akaenda kukaa kando ya Botra kwenye kitanda alicholazwa, akaichukua kofia yake ya ukindu akaivaa yeye.

"Mnamlilia nani hapa?" akapaza sauti. "Mna hakika ni mtu huyu? Huyu ni mnyama. Mkia wake umefichwa kwenye shuka. Mwenyewe alinifundisha shambani kwangu, ukiwa hujui, usiseme tu. Gusa kwanza."

Watu wakaanza kucheka, wake wa Botra wakicheka na kulia kwa pamoja. Mama Soa akainama, akamgusa Botra paji la uso kwa kidole, akakiweka kidole kile kwenye ncha ya ulimi wake. Ua mzima tunangoja.

"Ni mtu," akasema.

Kisha akafungua kanga aliyoifunga kiunoni, akatoa njugu za shamba lile, akamwekea mkononi.